Faili la Kumi na Saba

Nafasi ni nne, majina ishirini na matatu.
Huku Gyeryong, ghorofa ya tano, madirisha yamezibwa kwa karatasi
asije mtu akasoma hatima yake kutoka uwanja wa gwaride.
Simu zetu zimefungiwa ndani ya sanduku la risasi.
Mashine ya kahawa inakoroma pembeni.

Mimi ni katibu tu, Luteni Kanali Seok Mi-ran.
Sina kura. Nina mhuri, kibanio cha karatasi,
na sauti ya kusomea.

Nasoma. Namba kumi na sita, Meja Yeom Dae-hun:
"Hodari wa kupindukia. Hana mfano. Johari ya brigedi."
Mgema akisifiwa — lakini tembo la Yeom halikutiwa maji,
nasema kweli; nilimwona akimvulia kuruta glavu zake
kwenye baridi ya kutafuna masikio.
Ila faili lake limeandikwa na watu wenye kalamu nzuri,
na kalamu nzuri ni nusu ya cheo.

Namba kumi na saba. Meja Tak Hyeon-gyu. Mhandisi wa medani.
Macho, mazima. Kozi ya ng'ambo, hakuna.
Vituo: Hwacheon, Inje, Hwacheon, Yanggu, Hwacheon,
kama mtu atafutaye ufunguo katika mfuko uleule.
Maoni ya kamanda, mwaka ule wa mafuriko,
neno moja, lisilo na hata nukta:
"Anaridhisha"

Nani alisema chema chajiuza?
Labda sokoni. Hapa chema kinangoja
ndani ya bahasha ya kaki, kimeshonwa mdomo.

Maana nilikuwepo kwenye ukingo ule.
Julai, miaka tisa nyuma, sote wawili makapteni.
Mto umevimba, rangi ya chai ya maziwa;
magogo yanapita, friji ya mtu inapita, mlango wazi.
Jenerali anakuja saa nne kuona daraja letu la kuelea.
Kamanda akatazama saa. Tak akatazama maji.
Akachovya ufito, akauona unavyotetemeka, akasema:
"Afande, leo halifungwi."
Akaamriwa tena. Akasema tena, sauti ileile,
kama mtu anayetaja bei isiyopungua.
Watu wangu arobaini na mmoja walikuwa wameshavaa maboya.
Tukayavua. Tukala tambi chini ya turubai.
Saa nne na dakika kumi, gogo kubwa kama basi
likapita pale ambapo tungekuwa.

Hilo ndilo tukio zima: halikutokea.
Faili lina safu ya waliokufa, safu ya waliojeruhiwa,
safu ya vifaa vilivyopotea, hadi vijiko.
Halina safu ya watu waliokula tambi wakaenda kulala.

Mwaka uliofuata nikapelekwa masomoni.
Yeye akarudishwa Hwacheon.
Cheo ni dhamana, waliniambia siku ya kunivisha.
Dhamana ya nani, sikuuliza;
nilikuwa nikitazama bega langu linavyong'aa.

Asipopita leo, Machi umri wa cheo utamdaka.
Atakabidhi sare, akalinde maegesho ya magari mahali fulani,
mtu anayesoma mto kama wengine wasomavyo saa.

Kanuni ya kamati, ukurasa wa tatu, niliichapa mwenyewe:
Amfahamuye mtahiniwa atamke, kisha atoke nje,
wala asirudi hadi kura zihesabiwe.
Nikitamka, natoka na mto wangu.
Nikinyamaza, nabaki,
sauti ya kusomea "Anaridhisha".

Nimelisoma neno hilo. Polepole kuliko inavyoruhusiwa.
Mwenyekiti amevua miwani, anaifuta kwa tai.
Mjumbe mmoja ameshapeleka mkono
kwenye faili la kumi na nane.
"Kuna yeyote anayemjua ofisa huyu?"

Mashine ya kahawa imenyamaza.
Nasikia maji.